Kazi ikipotea, aibu ni ya nani?

NI saa tatu asubuhi, siku ya Jumanne, katika bustani ya Nyayo katikati ya jiji la Nakuru. Viti karibu vyote vimekaliwa. Ukiwatazama kwa haraka wanaume walioketi hapo, utadhani wanasubiri afisi zifunguliwe. Mashati yamepigwa pasi, viatu vimepakwa rangi, na mmoja au wawili wamekumbatia bahasha za kaki. Lakini afisi zimefunguliwa kitambo. Ukipita tena saa tisa alasiri utawakuta baadhi yao pale pale.

Mimi hupita hapo nikiwa nimeinamisha macho. Si kwamba nawadharau. Naogopa tu nisije nikamwona baba yangu wa mwaka 2001.

Mwaka huo nilikuwa darasa la tano. Baba alikuwa amefanya kazi kwa miaka 14 katika kiwanda kimoja cha mjini humu, na siku moja jina lake likabandikwa ukutani pamoja na majina ya wenzake. Walikuwa wamepunguzwa. Hakutuambia. Kwa wiki 11 aliendelea kuamka saa kumi na moja unusu, akanyoa ndevu, akachukua mkebe wake wa githeri na kutoka. Jioni alirudi saa ile ile ya siku zote, akamlalamikia nyapara yule yule.

Mama alijua tangu wiki ya pili. Mke wa mfanyakazi mwenzake alikuwa amemnong'onezea sokoni. Naye pia hakusema neno. Kila asubuhi aliujaza mkebe, na kila jioni akaipunguza nyama, hadi mwenye nyumba alipokuja kugonga mlango akidai kodi mbele yetu sote.

Miaka mingi baadaye nilimuuliza mama kwa nini alinyamaza. "Ningesema ningemvua nguo mbele ya watoto wake," alinijibu. "Angebaki na nini?"

Msomaji, hapo ndipo penye kiini cha makala haya. Mtu akipoteza kazi, mshahara hukatwa na mwajiri. Je, heshima yake hukatwa na nani?

Si wote walioachishwa ni wavivu

Tuanze na yale yanayojulikana. Nakuru ni mji uliozaliwa na kazi. Reli ilifika hapa mwaka 1900, na baada yake yakaja maghala ya nafaka, viwanda na afisi za vyama vya wakulima. Vijana walitoka kila pembe ya Kenya, wakapanga vyumba Bondeni, Langalanga na baadaye Kaptembwo na Rhonda, wakijua kwamba king'ora cha asubuhi hakitakosa kuwaita.

Kisha ving'ora vikaanza kunyamaza kimoja baada ya kingine. Pareto, zao ambalo Kenya iliwahi kuongoza nalo duniani, lilianguka. Wakulima wa Molo, Kuresoi na Mau Narok walikaa miaka bila kulipwa, wengi wakaling'oa na kupanda viazi. Maua yalipokosekana, kazi katika kiwanda cha pareto cha Nakuru nazo zikapungua. Mwaka 2000 serikali iliwapunguza maelfu ya wafanyakazi wake nchini kote. Mwaka 2014 kampuni ya Eveready ilifunga kiwanda chake cha betri kilichokuwa hapa tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, ikilalamikia betri za bei nafuu kutoka nje.

Huko Elburgon, mji unaoishi kwa mbao, marufuku ya kukata miti katika misitu ya umma iliwekwa Februari 2018. Ilisemekana ni ya siku 90, lakini iliongezwa tena na tena hadi Rais alipotangaza kuiondoa Julai 2023. Na huko Naivasha, soko la maua la Ulaya lilipoporomoka Machi 2020 kwa sababu ya korona, wafanyakazi kwa maelfu, wengi wao wanawake, waliambiwa warudi nyumbani.

Tafuta mvivu katika orodha hiyo. Hayumo. Sababu ni bei za ng'ambo, madeni, ugonjwa na maamuzi ya serikali. Hata hivyo, yule aliyerudi nyumbani na barua ya kuachishwa kazi hakuulizwa habari za bei za ng'ambo. Aliulizwa, "Ulifanya nini hata wakakutoa?" Walimwengu husema amemwaga unga, kana kwamba aliushika vibaya mwenyewe.

Dharau hii ina historia

Tabia hii ya kumtazama asiye na kazi kama mkosaji haikuanza jana. Katika Bonde la Ufa iliwahi kuwa sheria.

Wazee wetu hawakuwa na neno la "kukosa kazi". Palikuwa na shamba, mifugo, kujenga na kulinda. Mvivu alikuwepo, ndiyo, lakini mtu hakuweza kuamka asubuhi akaambiwa kwamba kazi zimekwisha. Walowezi walipochukua ardhi ya Njoro, Molo, Naivasha na kwingineko, walihitaji mikono ya kuilima. Serikali ya kikoloni ikaweka kodi iliyopaswa kulipwa kwa pesa taslimu, na pesa zilipatikana kwa Mzungu. Sheria ya mwaka 1918 iliwataka maskwota, yaani familia za Kiafrika zilizoishi katika mashamba ya walowezi, wamfanyie mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Aliyefukuzwa kazi alifukuzwa pia penye nyumba, ng'ombe na makaburi ya wazee wake.

Halafu pakawa na kipande. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanamume alikivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati, na ndani yake mwajiri aliandika lini alimwajiri na lini alimwachilia. Asiye na sahihi ya mwajiri alikamatwa kama mtoro. Mjini, asiyeweza kueleza anafanya wapi aliitwa mzururaji na kupelekwa mbele ya hakimu.

Uhuru ulikuja, lakini sheria ya uzururaji ilibaki katika vitabu vyetu hadi ilipofutwa mwaka 1997. Kwa hivyo, msomaji, ukiwa na umri wa miaka 30 na zaidi, ulizaliwa katika nchi ambayo kukosa kazi na makao kungeweza kukufikisha kortini.

Hata lugha yetu imebeba alama hizo. Neno "kibarua" ni barua ndogo, kile cheti alichopewa mfanyakazi wa siku ili alipwe. Tangu hapo tukajifunza kwamba kazi ya kweli ni ile yenye karatasi. Na lile swali la polisi wa zamani tumeligeuza kuwa salamu. Tukikutana harusini, kanisani au kwenye matatu, kabla hata ya kuulizana habari za watoto, tunauliza: "Siku hizi unafanya wapi?"

Hesabu za serikali, hesabu za mtaa

Kuna jambo la kushangaza hapa. Kwa kipimo kinachotumiwa na wanatakwimu duniani, mtu aliyefanya kazi ya malipo au faida kwa muda wa saa moja tu katika wiki ya uchunguzi huhesabiwa kuwa ana kazi. Ndiyo maana takwimu rasmi za wasio na kazi huonekana ndogo kuliko tunavyoona kwa macho yetu.

Mtaani hesabu ni kinyume. Kijana wa Free Area anayeendesha bodaboda kutoka alfajiri hadi usiku ataambiwa na mamake mzazi, "Huyu bado hajapata kazi." Mama anayeuza sukuma wiki kando ya barabara ya Kaptembwo atajitambulisha kwa kusema, "Mimi sina kazi, najaribu-jaribu tu hapa." Takwimu zinamhesabu mwenye saa moja kuwa mfanyakazi. Sisi tunamhesabu mwenye saa 14 kuwa bure.

Nani yuko sahihi? Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu Kenya iliyosomwa kote ulimwenguni. Wataalamu wake waligundua kwamba tatizo kubwa la nchi hii halikuwa watu wanaokaa bure. Lilikuwa watu wanaofanya kazi kwa bidii na bado wakabaki maskini. Waliwaona mafundi wa mabati, maseremala, washonaji na wachuuzi, wakaishauri serikali iache kuwasumbua na badala yake iwasaidie. Hao ndio tuliokuja kuwaita jua kali. Leo sekta hii inabeba zaidi ya kazi 8 katika kila 10 nchini, ukiacha kilimo cha wakulima wadogo.

Nami nina deni langu katika jambo hili. Baada ya siri ya baba kufichuka, mama alianza kukaanga mandazi. Aliamka saa tisa usiku. Mandazi hayo ndiyo yaliyonilipia karo, kwa maana elimu ya msingi bila malipo ilikuwa haijaja. Muhula uliofuata tulipewa fomu shuleni. Penye "kazi ya baba" niliandika jina la kiwanda kilichokuwa kimemfukuza. Penye "kazi ya mama" niliandika: hana. Niliiandika fomu hiyo nikitafuna andazi.

Mwanamume huona aibu, mwanamke huchoka

Jamii haigawi mzigo huu sawasawa. Mwanamke asiye na ajira huitwa mama wa nyumbani, na hakuna anayeshtuka. Mwanamume asiye na ajira hukosa jina la heshima kabisa. Akisaidia kupika, atasemwa na majirani. Akikaa nje, ataambiwa anazurura. Kijana wa kiume hawezi kuzungumzia mahari, na wazazi wa msichana wataulizana pembeni ikiwa binti yao atalishwa hewa.

Kuna uchunguzi mmoja uliofanywa mbali sana na hapa, lakini ukiusoma utadhani waandishi walipitia Nakuru. Miaka ya mwanzo ya 1930, katika kijiji cha Marienthal nchini Austria, kiwanda cha nguo kilichowalisha karibu wanakijiji wote kilifungwa. Watafiti Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel walikwenda kuona watu wanaishije, na kitabu chao kikachapishwa mwaka 1933.

Walitarajia kwamba watu wenye wakati mwingi wangesoma zaidi na kukutana zaidi. Waliona kinyume. Vitabu vya maktaba viliazimwa kwa uchache kuliko zamani. Wanaume walipoulizwa walifanya nini tangu asubuhi, walishindwa kueleza saa zao zilikokwenda. Watafiti walisimama dirishani wakawatazama wapita njia: wanaume walitembea polepole, wakisimama mara kwa mara. Wanawake walikwenda haraka. Wao hawakuwa na mshahara, lakini maji, chakula, nguo na watoto vilikuwa vikiwangoja vile vile.

Ndivyo ilivyokuwa nyumbani kwetu. Baba alizidi kupungua mwendo, mama akazidi kukimbia. Alirudi kutoka kuuza mandazi akaanza kufua, naye baba ameketi, mikono juu ya magoti. Hakuwa mkaidi. Mtu ambaye kwa miaka 14 aliambiwa na king'ora lini aamke na lini ale, alikuwa amenyang'anywa saa yake. Na hakuna jirani ambaye angemruhusu ashike karai la nguo bila kumcheka.

Kabla ya mwaka huo kwisha, mpwa wake aliolewa. Baba alimpenda msichana yule kama bintiye. Lakini alijua kwamba wajomba wangeitwa mbele mmoja mmoja watoe walicho nacho, na majina yao yasomwe kwa kipaza sauti. Alisema anaumwa na tumbo. Siku nzima ya harusi alilala akiwa amegeukia ukutani.

Mkono mtupu haulambwi, wahenga walisema. Mara nyingi hata hausalimiwi.

Msomi aliyechangiwa

Kuna kundi jingine ambalo uchungu wake ni wa namna yake: waliosoma. Kijana akiitwa chuo kikuu, tuseme Egerton pale Njoro, karo yake huenda ikatoka kwa harambee. Mwalimu ametoa, mchungaji ametoa, mama mboga ametoa shilingi mia. Kijiji kizima kimenunua hisa katika kichwa cha kijana huyo.

Akimaliza na kusaga lami miaka mitatu bila kuitwa popote, kila anayekutana naye njiani ni kama mdai. Hakuna anayemwambia arudishe pesa. Wanamuuliza tu, kwa upole, "Bado?" Neno hilo moja humfanya mtu apite njia ya nyuma.

Ndipo huchagua kubaki mjini, akilala watu wanne chumba kimoja, kuliko kurudi kwao Bahati au Subukia, ambako angalau kuna viazi. Mwenye shamba husema "niko shambani" na watu wakatikisa kichwa kwa kuridhika. Msomi akisema hivyo, watu husema ameshindwa. Jembe ni lile lile na udongo ni ule ule, ila mmoja anahesabiwa mkulima na mwingine mzigo.

Na aibu hii huwafungulia mlango matapeli. Anayetaka kuficha kwamba hana kazi hawezi kuuliza watu kama ajira aliyoahidiwa ni ya kweli. Atauza mbuzi wa mamake amlipe mtu aliyemwambia ana jamaa katika afisi kubwa, au wakala wa kazi za Ghuba asiye na leseni, na atafanya hivyo kimyakimya.

Ndugu ndiye bima

Uingereza ilianza bima ya wasio na kazi mwaka 1911. Huko, aliyepoteza kazi hujaza fomu na kupewa kiasi kidogo cha kumsukuma. Hapa kwetu mtu wa kawaida hana posho kama hiyo ya kutegemea. Bima yetu ni ndugu.

Bima hii imeokoa nyumba nyingi. Hakuna fomu ya kumfanya shangazi akuchukulie mtoto mmoja, wala karani wa kumwamuru mjomba akutumie gunia la mahindi. Lakini ina kasoro moja kubwa: hailipi mpaka useme. Na aibu ndiyo inayomziba mtu mdomo. Kwa wiki 11 baba alikuwa na kaka wawili ambao wangemsaidia, nao hawakujua. Kodi ya nyumba iliyotutesa ingeweza kulipwa kwa simu moja ya kibanda.

Kwa hivyo tukimdharau asiye na kazi, tunaiua bima pekee tuliyo nayo.

Familia ifanye nini?

Kwanza, habari isemwe mapema. Ewe uliyepoteza kazi, mwambie mwenzio wiki hiyo hiyo. Mama, ukisikia sokoni kabla hajakuambia, mfungulie mlango wa kusema. Na watoto waelezwe kwa maneno machache. Wanaona kila kitu, hata nyama inayopungua.

Pili, ijue haki yako. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema kwamba mfanyakazi anayepunguzwa kwa sababu kazi yake imeondolewa lazima apewe notisi ya angalau mwezi mmoja, na fidia isiyopungua malipo ya siku 15 kwa kila mwaka aliotumika. Afisa wa leba anapaswa kuarifiwa. Wengi hutia sahihi wasichokisoma kwa sababu wanataka tu kuondoka langoni kabla ya kuonekana.

Tatu, kiinua mgongo kisitangazwe wala kisikimbiliwe. Pesa za mkupuo huvuta jamaa waliopotea miaka mingi, na huvuta biashara ambazo hakuna aliyezichunguza. Kaeni chini, mpige hesabu ya chakula, kodi na karo ya miezi sita kwanza.

Nne, saa za siku zirudishwe. Mtu asiye na ajira anahitaji jambo la kufanya saa mbili asubuhi, liwe kupeleka watoto shule, kulima kishamba au kumsaidia fundi wa jirani. Na ikiwa jambo hilo ni kufua nguo, sisi majirani tufunge midomo yetu.

Tano, vyama na makanisa yatengeneze nafasi ya asiye nacho. Chama kinaweza kuamua kwamba mwanachama aliyepoteza kazi atabaki bila mchango kwa miezi kadhaa bila kuondolewa. Kamati ya harusi inaweza kupokea michango kwa bahasha badala ya kusoma majina. Kazi nyingi hupatikana kwa kusikia kutoka kwa watu. Ukimfukuza mtu katika mkutano kwa kukosa shilingi mia mbili, umemfukuza pia penye habari za kazi.

Sita, tuache lile swali. Badala ya "siku hizi unafanya wapi?" tuulize "habari za nyumbani?" Mwenye neno atasema mwenyewe.

Baba yangu ni mzee sasa. Hakurudi kiwandani tena. Baada ya miaka miwili alijifunza kurekebisha baiskeli kwa rafiki yake, na akaifanya kazi hiyo hadi macho yalipomsumbua. Mwezi uliopita nilimuuliza, kati ya mambo yote ya mwaka ule, ni lipi lililomuumiza zaidi. Nilidhani atasema njaa, au mwenye nyumba.

Alifikiri kidogo. "Ile harusi," akasema. "Hakuna aliyekuja kuniuliza tumbo linaendeleaje."

Kupata si werevu, na kukosa si ujinga. Methali hiyo tunaijua sote, na tunawafundisha watoto wetu waiandike katika insha. Kesho ukipita karibu na bustani ya Nyayo, au langoni pa kiwanda chochote alfajiri, jaribu kuikumbuka ukiwatazama walio pale. Na ikiwa mmoja wao ni jamaa yako ambaye hukumwona harusini, mpigie simu leo hii. Muulize tu anaendeleaje.